Barua ya wazi kwa mnaoshika daftari la mashujaa wa Kagera: jina tumeliona, tunaomba na maisha yake

Waheshimiwa, shikamooni wote mlionizidi umri, na wengine habari za kazi.

Naandika kutoka Muheza, mkoa wa Tanga. Mimi ni mtoto wa kaka wa kijana mmoja aliyeondoka hapa kijijini mwezi wa kumi na moja mwaka 1978 kwenda kupigana na jeshi la Idi Amin, alikuwa na miaka 21, hakurudi. Jina lake sitaliandika hapa hadharani maana shangazi amekataa, amesema jina la marehemu lisitembezwe mitandaoni kabla wenyewe mnaohusika hamjalisoma kwenye karatasi yenye sahihi, na mimi siwezi kumpinga shangazi kwenye hili. Ila mnalo. Limo kwenye barua niliyoleta kwa mkono pamoja na kopi zote. Hii ya wazi naiandika kwa sababu nimeshakaa na familia zingine tatu nne zenye shida hiihii nikaona sio letu peke yetu.

Niseme kabisa naomba nini ili msomaji asihangaike kutafuta. Naomba kila aliyekufa kwenye Vita vya Kagera awe na ukurasa wake. Alizaliwa wapi, wazazi wake nani, alikuwa kikosi gani, alikufa siku gani, sehemu gani, kwa kitu gani, na amelala wapi. Na huo ukurasa ndugu zake waruhusiwe kuusoma. Basi, mengine yote ninayoandika ni kueleza kwa nini.

Baba mdogo alikuwa fundi baiskeli. Alikaa chini ya mwembe pale njia ya kuelekea mashamba ya mkonge, watu wa mkonge wengi walikuwa na baiskeli enzi hizo kwahiyo kazi haikukosekana, anaziba pancha, ananyoosha rimu, anafunga cheni. Watu wazima wa kijijini hadi leo nikiwauliza wanaanza na hiyo, ooh yule fundi, alikuwa hana bei ya kudumu, mwenye hela analipa asiye na hela analeta mihogo. Alikuwa pia amepita mafunzo ya mgambo ya kijiji kama vijana wengi wa wakati ule. Kwahiyo ilipotokea ile kitu, jeshi la Amin likavuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera sasa ni ya Uganda, na siku ya pili yake Mwalimu akaongea redioni kwamba sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, baba mdogo alikuwa anasikiliza kwenye redio ya jirani huku ana tairi mkononi. Haya nimesimuliwa na baba yangu mwenyewe, alikuwa amekaa naye. Anasema mdogo wake hakusema kitu, alimaliza kile kiraka, akampa mtu baiskeli yake, akaenda kuoga.

Wiki chache baadae wakaja kuchukuliwa na lori. Walikuwa vijana kumi na mmoja kutoka kata yetu.

Najua nyie mnaijua hii historia kuliko mimi ila wapo watakaosoma hapa hawajafundishwa vizuri, kwahiyo niseme tu kwamba jeshi lilikuwa dogo kwa vita ile, ndo maana wakaitwa mgambo makumi kwa maelfu, na polisi, na magereza, na JKT, watu waliokuwa na jembe au spana wiki iliyopita leo wana bunduki. Na vita ilipoisha Mwalimu akaomba nchi ifunge mkanda miezi kumi na nane. Vijana wale ndo waliobeba vita ile mgongoni pamoja na wanajeshi wa kawaida, na mtu akiwa mgambo haina maana risasi inampita pembeni.

Barua yake tunayo moja. Karatasi ya daftari la mistari, wino wa bluu, ya mwisho wa Februari 1979. Hakutaja yuko wapi, nafikiri walikatazwa, ila alisema wameshavuka na kwamba mji mkubwa umechukuliwa na yeye mzima, na kwamba kule ndizi ni nyingi kuliko mahindi na bibi angeshangaa. Ukipiga hesabu ya tarehe, Masaka ilichukuliwa tarehe 24 Februari, kwahiyo mji mkubwa ni huo. Hiyo hesabu nimeifanya mimi nikiwa mtu mzima na simu mkononi. Bibi yangu aliyeletewa barua hakuwahi kujua mwanae aliandika akiwa Masaka, yeye alijua tu "kule".

Alafu mwezi wa saba mwaka huohuo, vita imeshaisha, Kampala ilichukuliwa 11 Aprili na mwanzoni mwa Juni askari wetu walikuwa wameshafika mpaka wa Sudan, vijana wengine wanarudi watu wanapiga ngoma barabarani, wakaja wanajeshi wawili na mwenyekiti wa kijiji na balozi wa nyumba kumi. Walikuwa na sanduku la bati. Walisema kijana wenu amefariki vitani akilitetea taifa, wakatoa pole, wakakabidhi sanduku, wakanywa maji, wakaondoka. Ndani kulikuwa na shati mbili, suruali, msahafu mdogo, picha aliyopiga studio kabla hajaondoka, na kopo la solusheni la kuzibia pancha limekauka kabisa, na vipande vya tyubu vimefungwa na kamba. Hivyo vipande vilitusumbua miaka yote. Unaenda vitani na vipande vya tyubu vya nini? Baba alikuwa anasema labda walikosea wakachanganya na vitu vya mtu mwingine, alafu anajijibu mwenyewe, lakini nani mwingine angekuwa na solusheni.

Hawakusema amezikwa wapi. Kwa hilo silaumu, nchi ilikuwa imechoka, wale wanajeshi wawili walikuwa na masanduku mengine ya kupeleka. Ila ndo hivyo, bibi yangu alifiwa na mtoto na hakuwa na kaburi. Kila mwaka alisomesha hitma. Na baada ya dua watu wakishaondoka alikuwa anakaa uani peke yake ameelekea upande lilikoingilia lile lori, basi, hajui Uganda iko wapi ila anajua lori lilielekea wapi. Amefariki 1996. Mimi nilizaliwa miaka mitano baada ya vita, nikapewa jina la baba mdogo, kwahiyo bibi alikuwa akiniita jina langu nyumba nzima inanyamaza kidogo. Mtoto hujui kwa nini watu wananyamaza wakiitwa jina lako. Nilikuja kuelewa ukubwani na nadhani ndo hapo nilipoanza kumtafuta.

Kumtafuta nilianza rasmi mwaka 2017. Nilienda ofisi, sitaitaja ni ofisi gani wala mji gani maana lengo langu sio kumharibia mtu kazi, nikaulizwa namba yake ya jeshi. Sina. Nikaulizwa alikuwa mwanajeshi au mgambo, nikasema mgambo, yule bwana akaweka kalamu chini. Akasema za mgambo ni ngumu. Nilirudi mara tatu, mara ya pili na cheti cha kuzaliwa cha baba na barua ya mtendaji, mara ya tatu nikaambiwa kuna jina linafanana lakini herufi moja ni tofauti kwahiyo haiwezekani kusema ni yeye. Nikauliza, na huyo mwenye herufi tofauti ametokea wapi? Haikuandikwa. Alizaliwa mwaka gani? Haikuandikwa. Sasa waheshimiwa, ukiwa na jina tupu, R na L zinatosha kumpoteza mtu mzima. Hapa Tanzania sisi sote tunajua R na L zinavyobadilishana midomoni, karani mmoja amesikia hivi mwingine amesikia vile. Kungekuwa na kijiji tu pale pembeni ya jina, au jina la mama, tungemaliza siku ileile.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja mstaafu, tena kwa bahati tu. Rafiki yangu aliniunga kwenye grupu la WhatsApp la watoto wa wapiganaji, nikaandika kila nilichokuwa nacho, fundi baiskeli, Muheza, mgambo, aliondoka Novemba. Siku ya nne mjukuu wa mtu akaniandikia kwamba babu yake yuko Tabora na anasema alikuwa na fundi baiskeli wa Tanga kwenye platuni yake. Nilipanda basi wikiendi ileile.

Yule mzee anatembea na mkongojo ila kichwa kiko sawa kabisa. Hakuanza na vita. Alianza na viatu. Alisema mvua za masika zilipoanza kule Uganda, buti zao nyingi zilianza kuachia soli, wengine miguu imeoza vidole, na baba yako mdogo, ndivyo alivyosema, baba yako mdogo alikuwa na kopo lake la solusheni na vipande vya tyubu, alitoka navyo nyumbani, na jioni wakipumzika watu wanapanga foleni anawazibia buti. Anakwaruza, anapaka, anapuliza, anabandika, anakandamiza na jiwe. Akisema usivae mpaka asubuhi, hauvai mpaka asubuhi. Mzee akasema mpaka makamanda walileta za kwao. Solusheni ilipoisha alikuwa anaomba kwa watu wa magari.

Nililia pale bila aibu. Miaka karibu arobaini tulikuwa na hilo kopo kwenye sanduku tunajiuliza.

Alafu akanieleza Lukaya. Barabara ya kwenda Kampala inapita kwenye bwawa la majani, maji huku na huku, na usiku wa tarehe 10 Machi 1979 walikuwa hapo, Brigedi ya 201 iliyokuwa na mgambo wengi, roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin zikaanza kuruka. Anasema zilipita juu zikaangukia nyuma yao ila kwa watu waliojifunza vita miezi michache ule mlio ulitosha, watu walikimbia gizani kwenye matope. Hakuficha. Alisema tulikimbia mwanangu, na aliyekuambia hatukukimbia hakuwepo. Asubuhi wakakusanywa wakajipanga upya, na Brigedi ya 208 ikazunguka ikatokea upande wa barabara ya Kampala, wakalirudisha eneo lile tarehe 11. Baba mdogo alikuwepo usiku ule na asubuhi ile na alitoka mzima.

Hakufa Lukaya. Alikufa wiki mbili hivi baadae, njia ya kwenda Mpigi, kwenye ajali ya lori. Usiku, mvua, taa zimezimwa kwa usalama, lori limebeba mizigo na watu wamekaa juu ya magunia, dereva hakuona kona likalala ubavu kwenye mtaro. Watatu walifariki. Yeye alikaa hai mpaka karibu alfajiri. Yule mzee alikuwa naye, alimfunika na koti lake la mvua, alimsomea alichokijua ingawa mwenyewe ni Mkristo, anasema alikuwa amemsikia akiswali miezi yote ile kwahiyo maneno machache alikuwa ameyashika kwa sikio.

Nataka niseme jambo hapa kwa sababu najua huenda ndo sababu mojawapo ya kurasa zile kufungwa. Familia yetu miaka yote ilikuwa inasema amelipuliwa na bomu la Walibya. Hakuna aliyetuambia hivyo, tulijitungia wenyewe, maana ukiachiwa tundu unaliziba kwa chochote. Sasa ukweli ni lori. Nilirudi Muheza naogopa kumwambia shangazi, dada yake mkubwa, ndo aliyemlea mgongoni, nilidhani ataona heshima ya mdogo wake imepungua. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza. Alafu akasema, "Kumbe hakufa peke yake." Hicho tu. Kumbe miaka yote kilichokuwa kinamuumiza ni kumuwazia mdogo wake yuko porini peke yake hana wa kumshika, sio bomu wala lori.

Kwahiyo msituogopee ukweli. Inatajwa kwamba sehemu kubwa ya wenzetu waliokufa kwenye vita ile hawakufa kwa risasi za adui, ni ajali, ni magonjwa, ni mambo ya safari ndefu na mvua na uchovu. Aliyekufa kwa lori njia ya Mpigi alikuwa kwenye lori lile kwa sababu alitumwa na nchi hii. Andikeni ajali. Andikeni malaria. Sisi ndugu tutajua namna ya kubeba.

Na hesabu yenyewe waheshimiwa, hiyo nayo tunaiomba. Nimekutana na hesabu ya wapiganaji wetu 373 waliokufa, na nimekutana na hesabu ya 435 waliolala kwenye makaburi ya jeshi ya Kaboya. Sijui kama mtu aliyezoea takwimu anaona kitu hapo, mimi naona tofauti ya watu 62, basi zima limejaa abiria. Inawezekana kuna maelezo mazuri tu, labda wengine walikufa hospitali baada ya vita, labda hesabu moja iliacha mgambo, na kama iliacha mgambo basi mnaelewa kwa nini mimi silali. Maelezo yakiwepo yaandikwe.

Kaboya nilienda. Wilaya ya Muleba, Kagera, mkoa ambao wakati vita inaanza uliitwa Ziwa Magharibi. Nilipanda meli ya usiku kutoka Mwanza mpaka Bukoba alafu gari. Ni eneo la jeshi kwahiyo haliingiwi hovyo, niliomba ruhusa nikapewa, na kijana wa zamu aliyenipeleka, Mungu ambariki, hakunihimiza hata kidogo, alikaa mbali akaniacha. Kuna mnara mweupe una majina. Nilianza kusoma juu kwenda chini kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Na nikaliona. Sasa kumbukeni mimi nimepewa jina lake, na baada ya jina lake linafuata la babu, kwahiyo kilichokuwa pale mbele yangu ni jina langu na jina la babu yangu yamechongwa. Yule kijana alikuja akaniuliza mzee umepata ndugu yako, nikashindwa kujibu nikamuonyesha kitambulisho changu tu. Akavua kofia.

Nilisoma Fatiha. Nikapiga picha moja kwa ajili ya shangazi. Alafu nikabaki nasoma majina mengine, na hili ndo limenifanya niandike leo. Kila jina pale ni fundi wa kitu fulani. Kuna mtu pale alikuwa anapiga zumari, kuna aliyekuwa anajua kuchonga mizinga ya nyuki, kuna aliyeacha mtoto hajazaliwa. Wa kwangu najua alikuwa anaziba buti za wenzake kwa sababu nilipata bahati ya mzee mmoja wa Tabora kuwa bado hai na mjukuu wake kuwa na bando. Wa pembeni yake sijui. Na nina wasiwasi pengine hamna anayejua.

Kwetu Tanga kuna makaburi ya vita za wazungu, ya mwaka 1914 walipopigana Waingereza na Wajerumani hapa pwani. Askari wa Uingereza au India aliyekufa Tanga mwezi wa kumi na moja 1914, leo nikiingia kwenye mtandao wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola naandika jina napata kikosi chake na tarehe yake ya kufa, bure, nikiwa nimekaa kwenye kibaraza changu. Miaka zaidi ya mia. Na hata hao hawakuwa wasafi, wapagazi na askari wa Kiafrika wa vita ileile, wale Kariakoo, maelfu kwa maelfu hawakuandikwa majina, na mwaka 2021 Tume hiyo ilitoka hadharani ikaomba radhi kwa kuwaacha. Wameanza kutafuta majina kwenye nyaraka za miaka mia iliyopita, na Kariakoo ya Dar es Salaam tunanunua nguo bila kukumbuka jina lilitoka wapi. Wao walikuwa wakoloni, walituona mizigo ya kubeba mizigo. Vita ya Kagera ilikuwa yetu wenyewe, serikali yetu, watoto wetu, makarani wetu, kwa Kiswahili chetu. Hatuna wa kumuachia hii kazi.

Kila tarehe 25 Julai naangalia Siku ya Mashujaa kwenye televisheni. Naangalia mkuki na ngao vinawekwa, sime, shoka, upinde na mshale, shada la maua, inapigwa tarumbeta watu wanasimama kimya. Mimi pia huwa nasimama, sebuleni kwangu, watoto wananiangalia. Ninaipenda siku ile, naomba msinielewe vibaya. Ninachoomba ni kwamba siku ile kila mwaka wasomwe hata kumi tu kwa majina na vijiji vyao na kazi walizokuwa wanafanya. Fulani bin fulani, wa Muheza, fundi baiskeli. Fulani, wa Mbulu, mchungaji. Dakika tano hazifiki.

Najua mtasema mambo ya jeshi yana siri. Sawa. Sisi hatuombi ramani wala mipango ya vita wala nani alimwamuru nani. Zaidi ya miaka 45 imepita, Uganda sasa ni ndugu zetu tunafanya nao biashara, sehemu alikofia baba mdogo watu wanauza nanasi kando ya barabara. Siri gani inabaki kwenye kijiji alichozaliwa mtu?

Na kuna haraka. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 leo ana zaidi ya 65, na wengi walikuwa wakubwa zaidi ya hapo. Jenerali David Musuguri aliyeongoza Divisheni ya 20 mpaka Kampala alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, Mungu alimpa umri, lakini hatuwezi kupanga kazi kwa kutegemea kila mpiganaji atafika mia na nne. Tumeni vijana. Vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wa historia kila mwaka wanatafuta mada za kuandikia, wapeni simu za kurekodia na orodha ya wastaafu kila wilaya, waende wakae nao barazani wawaulize. Msiwape wazee fomu za kujaza, wazee hawaongei kwa fomu. Yule wa Tabora ningempa fomu yenye swali la "chanzo cha kifo" angeandika ajali akamaliza, mambo ya solusheni nisingeyajua maisha yangu yote. Alianza na viatu kwa sababu nilinyamaza akaongea. Na waulizeni na wa kule Missenyi, Kyaka, Minziro, waliokimbia nyumba zao na waliochinjiwa ng'ombe na kuuliwa ndugu, wao pia waliwaona hawa vijana wakipita, wapo waliowapa maji.

Familia zenye barua na picha nazo zipewe mahali pa kupeleka, mtu apige skani arudishiwe ya kwake. Sisi barua yetu imeanza kukatika kwenye mikunjo. Nyumba ngapi zina barua kama hiyo chini ya godoro na kila masika inaliwa kidogo na unyevu.

Mzee wa Tabora amenipa ruhusa niwape namba yake na yuko tayari kutoa ushahidi mbele ya yeyote kwamba R na L ni mtu yuleyule. Anaomba tu mfanye kabla ya mwaka kuisha, amesema hivyo mwenyewe, kifua kinamsumbua. Namba ipo kwenye ile barua ya mkono, ukurasa wa pili.

La mwisho ni la shangazi, nimeahidi kulifikisha. Anataka kwenda Kaboya. Nimempangia safari ya kiangazi maana barabara na miguu yake havipatani na mvua, tutaenda kwa basi mpaka Mwanza tupumzike alafu meli. Anataka kumsomea mdogo wake Yasini yote, taratibu, na hawezi kusimama muda wote huo. Anauliza kama wataruhusu aingie na mkeka wake.

Wenu,
Mtoto wa kaka yake, Muheza